Taa za Pumzi kwa Papa Malachie

Kila Jumapili, misa ya pili ikiisha, Malachie alifungua mlango wa bati wa depo yake ya zamani ya kahawa mjini Butembo, akaloweka gunia, akalitandika kizingitini, kisha akasimama kando kuhakikisha kwamba kila anayeingia anafuta miguu. Mwenye matope alirudishwa nje, awe padri, awe mwanajeshi. Mke wake alikuwa akisema kwamba Bwana Yesu akirudi kwa njia ya Butembo, ataanzia kwenye lile gunia. Malachie hakuona kichekesho. Alisema Bwana Yesu angefuta miguu bila kuambiwa.

Ndani, madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya simenti ili taa zionekane hata mchana. Ukutani alikuwa ametundika mabango ya neoni ya zamani, yale ya mirija ya kioo iliyopindwa ikawa maandishi na picha, ya enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa na kila mfanyabiashara alitaka jina lake ling'ae. Kulikuwa na kiatu cha kijani kutoka duka moja la Kirumba, jogoo mwekundu wa baa iliyofungwa, msalaba wa duka la dawa, na neno HÔTEL ambalo hoteli yake haikuwapo tena. Butembo haikuwa na umeme. Wenye jenereta waliwasha jenereta, na wengine walilala jua likilala. Depo ya Malachie haikuwa na jenereta wala waya. Kiatu kiliwaka. Jogoo aliwaka. Msalaba ulikuwa umezimika vita vya pili vilipoanza, na HÔTEL ikaufuata baadaye kidogo.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Mabango yale yote yalitengenezwa Beni na fundi mmoja, marehemu Jumaine, aliyefunzwa kazi na Mgiriki. Mgiriki alipoondoka alimwachia moto wa kulainishia kioo na mtungi mmoja wa gesi. Mtungi ulipoisha, mwingine haukuja. Jumaine hakufunga kazi. Alimwita mwenye duka, akamkalisha kitini, akamtia ncha ya mrija mdomoni, akamwambia apulize taratibu bila kuwaza ugomvi. Kisha akaziba ncha kwa moto. Pumzi ikawaka. Iliendelea kuwaka muda wote mwenyewe alipokuwa akipumua huko aliko, na siku alipoacha, nayo iliacha. Mpango huo ulikuwa na faida, kwa kuwa taa haikudai umeme. Hasara yake ni kwamba mwenye duka hakuweza kujitia mgonjwa, maana wateja walitazama juu ya mlango wakajua.

Tena, mwenye taa alipoikaribia, iliongeza mwanga. Manassé, mwenye kile kiatu cha kijani, alipotoka Kirumba kuja kukisalimia, kiatu kiliwaka hadi wageni wengine wakafunika macho. Ndipo Malachie akamwekea kiti chake nje, barabarani, awe anatazama kiatu kupitia mlangoni. Manassé hakuona vibaya. Alisema kutoka pale kiatu kilionekana kipya.

Vita vilipokuja, maduka yaliporwa, na waporaji waliposhindwa kujua taa zile watazifanyia nini waliziacha njiani. Malachie alizifuata kwa baiskeli, akazifunga kwa blanketi, akazileta depo. Waliomuuliza anatafuta nini aliwajibu kwamba kitu kinachowaka hakiachwi kwenye mtaro.

Jumapili moja ya mvua aliingia mwanamke aitwaye Kavuo, mke wa Josaphat, mpiga picha wa Beni. Alifuatana na shemeji yake, Zorobabel, kaka mkubwa wa Josaphat. Walifuta miguu vizuri. Kavuo alikuwa na nywele za msiba ambazo hazijaguswa na kitana, na Zorobabel alikuwa na ndevu za msiba, ambazo hazikumpendeza, naye alijua.

Josaphat alichukuliwa kwa sababu ya picha ya komunyo ya kwanza. Aliwapanga watoto mbele ya kanisa, nguo nyeupe, mishumaa mikononi, na alipobonyeza mashine, nyuma yao likapita lori la mbao. Juu ya mbao walikaa wanajeshi, na mbele, karibu na dereva, alikaa mkubwa wao. Josaphat aliisafisha ile picha, akaona imetoka safi, kila uso wazi, akaitundika kwenye dirisha la studio yake. Kosa lake lilikuwa hilo, kupenda kazi yake. Walikuja wakachukua picha, wakarudi wakachukua mashine, wakarudi tena wakamchukua yeye. Baadaye studio nayo ikaporwa, na Kavuo akahamia Butembo kwa mama mkwe wake. Zorobabel aliulizia katika kila bureau ya serikali iliyokuwa na mlango. Jibu lilikuwa moja: tulimwachia, alikwenda kwake. Kwake walikuwa wamekaa wakimngojea.

Mtu aliyeachiwa na asifike, ukoo humhesabu miongoni mwa wafu. Na mtu akifia mbali, mwili usionekane, kwao hukatwa shina la mgomba, likavishwa shati lake, likazikwa badala yake, ili walio hai waoge, wanyoe, warudi kitandani. Mama yake Josaphat, bibi Kavira, alikuwa analala chini juu ya majani makavu ya migomba tangu habari za kwanza, na chumvi alikuwa ameiacha. Alikuwa amekonda hadi mkufu wake wa rozari ulionekana mzito. Zorobabel aliogopa kwamba mambo yakichelewa atazika wawili. Kwa hiyo mgomba ulikuwa umekwisha kukatwa nyuma ya nyumba, shimo limechimbwa, na kaburi lilingojea Jumanne. Kavuo alikubali yote. Lakini asubuhi ile, kanisani, muuza vitenge mmoja alimnong'oneza kwamba bango la Photo Aurore liko kwa Malachie, Kavuo akasema hataruhusu mgomba uvishwe shati kabla hajaliona.

"Papa Malachie," alisema, "batu banasema uko na taa ya bwana yangu. Photo Aurore."

"Iko. Kule nyuma ya pazia."

"Inawaka?"

Malachie alikuwa amejifunza kutolijibu swali hilo. "Pita, mama. Angalia we mwenyewe."

"Naogopa."

"Bote banaogopaka."

Kavuo alifika mbele ya pazia akasimama. Alimwomba Zorobabel atangulie. Zorobabel alivua kofia, akasema hapana, shemeji, ni bwana yako. Mvua ilipiga bati. Kavuo alitamani mvua ile iendelee mwaka mzima naye abaki amesimama pale, kwa sababu upande ule wa pazia Josaphat hakuwa amekufa bado. Kisha akaona aibu ya kuwasimamisha watu, akalivuta.

PHOTO ilikuwa nyekundu, na chini yake, kwa buluu, iliandikwa AUROR. Herufi ya mwisho ilikuwa imevunjika. Zilizobaki ziliwaka bila kutetemeka, kama mtu aliyeamka salama.

"Ile ya mwisho nilikuta balisha kuivunja," Malachie alisema. "Pole."

Kavuo hakuisikia hiyo pole. Alikaa juu ya gunia la kahawa akalia na kucheka kwa pamoja, akamshukuru Malachie, akamshukuru Mungu, akamshukuru marehemu Jumaine ambaye hakuwahi kumwona. "Wasingya, Papa," alisema kwa Kinande, akarudi kwenye Kiswahili, akaongeza Kifaransa kwa usalama. "Aksanti. Merci. Wasingya." Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

Zorobabel aliitazama taa, akavaa kofia yake.

"Donc mugomba tulikata bure."

"Haiko bure," Malachie alisema. "Mbuzi uko nayo?"

"Niko nayo."

"Basi."

Lakini machozi ya Kavuo yalikuwa yamekauka. "Kama anapumua," aliuliza, "anapumulia wapi?"

Malachie alifikiria kiti cha Manassé kule nje, na jinsi kiatu kilivyozidi kuwaka mwenyewe akikaribia. Alikuwa na sharti moja zaidi ya lile la miguu, nalo ni kwamba hakuna kitu kinachotoka depo. Aliwahi kumnyima paroko jogoo kwa ajili ya Krismasi. Sasa alileta ngazi, akang'oa misumari, akalishusha bango yeye mwenyewe, akalifunga kwa blanketi lake la kitandani.

"Mutanirudishia," alisema. "Na blanketi."

Kesho yake asubuhi waliondoka na Hamisi, msafirishaji Mwislamu wa Beni, aliyekuwa anapeleka chupa tupu za soda Oicha na kurudi na mawese. Bia hakubeba, kwa dini yake, na kila mtu barabarani alijua, kwa hiyo lori lake halikusimamishwa na wenye kiu. Aliwakalisha mbele, bango likalala juu ya magoti yao. Aliuliza ni kitu gani, akaambiwa, akainama kidogo juu ya blanketi.

"Salama, Josaphat," alisema. Josaphat alikuwa amempigia picha za harusi, na katika picha zote hakumkata mtu hata mmoja kichwa.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alinyoosha kidole, akauliza kwa Kilingala. "Oyo nini?"

"Ni bwana yangu," Kavuo alijibu.

"Mobali na yo? Bwana yako?" Askari aliinua pembe ya blanketi, akatazama, akaishusha. "Jeton ya kupita eko nayo?"

Josaphat hakuwa na hicho kijikaratasi cha kodi ya njia. Walichelewa hapo kidogo, hadi Hamisi alipokumbusha kwamba mtoto wa mgongoni hadaiwi jeton, na kwamba huyu naye amebebwa. Askari aliona ni kweli, akafungua.

Kadiri walivyokwenda kaskazini, blanketi liliangaza zaidi. Walipita Beni, mbele ya studio iliyopigwa mbao mlangoni, na mwanga haukuzimika wala kusita, ulitaka kwenda mbele. Kwenye barabara ya Mbau ulipenya katikati ya nyuzi, ukachora maua ya blanketi kwenye dari ya lori. Hamisi aliteremsha kikinga jua juu ya kioo cha mbele. Mara mwanga ukapungua. Alisimama bila kuambiwa, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kijia chenye alama nzito za magurudumu, na hapo ukarudi wote. Akakata kona.

Kijia kiliishia kwenye shamba la zamani la kahawa. Katika banda kubwa la kukaushia, mtu alipasua mbao kwa msumeno, na nje kulikuwa na mbao nyingine, safi, zimepangwa hadi urefu wa nyumba. Seng'enge ilizunguka yote. Komanda alitoka anakula hindi la kuchoma, akawatazama wakishusha bango, akavaa miwani yake myeusi.

"Zimisha hiyo kitu."

"Haizimike, mon commandant," Kavuo alisema. "Ni bwana yangu. Eko hapa."

Komanda alitafuna akameza. "Josaphat? Mupiga picha? Eko. Anatupigiaka picha ya carte ya baaskari. Kama carte haiko, anapasua mbao."

"Tunaomba mumuachie."

"Tulisha kumuachia."

"Mais eko hapa."

"Mama, sikiliza muzuri. Kule bureau, Beni, banajua tulisha kumuachia. Mutu mwenye tulisha kuachia, tutamuachia tena namna gani? Batasema, kumbe mulikuwa naye." Alilitupa gunzi chini, pale yalipolala magunzi mengine ya siku nyingi. Hakuwa na hasira. Zorobabel, aliyesikia maelezo mengi katika bureau nyingi, alikiri moyoni kwamba haya ndiyo yaliyonyooka kuliko yote.

Wakati huo Hamisi alikuwa ameondoa blanketi, na mwanga wa buluu na mwekundu uliingia bandani, chini ya bati, ambako jua la mchana halikufika. Ndani walikuwamo wanaume wengi. Walikuwa wameshika misumeno na mbao, na mkono mmoja mmoja waliuinua kuzuia macho. Kavuo alimtambua katekista ambaye kilio chake walikilia kabla ya Kwaresima. Alimtambua dereva mmoja wa Kirumba, ambaye mgomba wake ulizikwa na watu wakala wakanywa. Wote walikuwa wameachiwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Josaphat alikuja hadi kwenye seng'enge. Taa ikawaka kupita kiasi, mtu na mkewe wakawa wamesimama uso kwa uso bila kuonana. Hamisi aliona haifai. Akaibeba taa, akaificha nyuma ya lori.

Sasa walionana. Josaphat alikuwa amekonda, shati lake limejaa unga wa mbao, na Kavuo alimpenda vile vile, pamoja na unga.

"Nywele yako," Josaphat alisema.

"Ni ya kilio. Kilio yako."

"Ah." Alikohoa kidogo. "Kavuo, kuko siku moja pumzi ilinipungukia. Siku moja tu, gafula. Nikafikiri ni kifua, nitafia hapa."

"Haiko kifua. Ni E. Bezi balivunja E."

"Ile ya mwisho?"

"Ya mwisho tu."

Josaphat alihesabu herufi zilizobaki kwa vidole, akatulia. "Basi aksanti Mungu," alisema. "Nilikuwa naogopa sana." Heri nusu shari kuliko shari kamili, na tangu siku ile hakuogopa tena kikohozi chake.

Zorobabel alisogea, kofia mkononi. Njia nzima alikuwa akitafuta jinsi ya kulisema, na hakuipata, akalisema hivyo hivyo. "Mudogo wangu, nilisha kukata mugomba yako."

"Ule wa nyuma ya nyumba?"

"Ule."

"Ulikuwa na ndizi ya muzuri."

"Nilikata na ndizi yake. Unisamehe."

"Hapana neno, yaya, kaka yangu. Ulifanya ya mukubwa." Josaphat alifikiri. "Na shimo mulisha kuchimba?"

"Liko wazi."

"Shimo ya namna ile hapana kuacha wazi. Tieni ndizi ndani, mufunike na majani, iive. Mutengeneze pombe ya kasiksi. Mama anakula?"

"Bila chumvi."

"Mumwambie akule chumvi."

Nyuma yake wengine walikuwa wamekaribia, kwa kuwa komanda alikuwa amekwenda kutafuta hindi lingine na msumeno ulikuwa umenyamaza. Josaphat aliwaeleza habari za Jumaine. Katekista alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Na sisi? Kwetu banajua nini?"

Kavuo alitazama seng'enge, akatazama magunzi, akatazama lori na makasha yake ya chupa tupu. Kisha akamtazama Hamisi.

"Chupa haziko zangu," Hamisi alisema. Alijikuna shingo. "Nitamwambia mwenyewe kama ziko na batu ndani."

Alishusha makasha. Kila mtu alipewa chupa kupitia seng'enge, akaambiwa apulize taratibu bila kuwaza ugomvi, jambo ambalo pale halikuwa rahisi, na wengine walirudia. Kavuo alipokea, akaziba kwa kipande cha gunzi, kama watu wanavyoziba dumu la mawese. Ili familia ijue, kila mmoja aling'oa kifungo cha shati lake au alikata uzi wa nguo, akaufunga shingoni mwa chupa. Pumzi za pale hazikuwa na nguvu ya zile za Jumaine. Ziliwaka manjano, mwanga mdogo, wa kutosha kuona kifungo. Chupa hazikuwatosha wote. Ndugu wawili walipuliza katika moja. Mzee mmoja alikataa chupa. Alisema kwake walikwisha kumlilia vizuri, binti yake akaolewa baada ya msiba, na hapendi kuwarudisha nyuma. Kavuo alimshika mkono, akauachia.

Komanda alirudi, akayakuta makasha yanang'aa.

"Munabeba nini?"

"Pumzi yabo," Kavuo alisema.

Komanda alizunguka lori, akachungulia chini yake, akahakikisha hakuna ubao. "Mbao njo yetu," alisema. "Pumzi, mubebe." Na akaamuru msumeno uendelee, kwa kuwa lori jingine lilikuwa linangojewa kabla ya jioni.

Waliondoka hivyo. Josaphat alibaki amesimama kwenye seng'enge hadi bango liliporudi kuwa bango la kawaida. Hamisi hakufika tena Oicha siku ile. Kwenye kizuizi, askari yule yule alitazama nyuma ya lori, akaona wingi wa abiria, akachoka kabla hajaanza kuuliza jeton, akafungua.

Bibi Kavira aliliona bango likiegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake, akasoma herufi moja moja kwa kidole, akainuka kutoka kwenye majani bila kusaidiwa. Aliomba maharagwe na chumvi. Aliomba chumvi mara ya pili. Zorobabel alinyoa ndevu. Kavuo alisukwa na majirani, na kila mmoja alisuka mkia mmoja ili asikose baraka. Ndizi za ule mgomba ziliivia kaburini, chini ya majani, na kasiksi iliyotoka ilikuwa tamu. Waliokuja kunywa waliambiwa ilikoiva, wakasema shimo limefanya kazi nzuri. Shina lenyewe lililiwa na mbuzi.

Kisha Kavuo alirudisha bango, pamoja na blanketi, limefuliwa na kukunjwa. Malachie alilinusa, akaridhika. Kwa zile chupa alipiga rafu mpya upande wa kushoto, chini ya kiatu cha kijani, akaongeza maandazi siku za Jumapili kwa ajili ya wanaotoka mbali, maana sasa walikuja wengi. Walikuja kutoka Lubero na Mbau, Wakatoliki na Waislamu. Walifuta miguu, wakapita mbele ya rafu wakitafuta kifungo. Aliyekiona alikaa hapo na kukisimulia habari za nyumbani: nani amezaa, mvua imekuja au haikuja, paa limetengenezwa. Mke wa dereva wa Kirumba alimletea Malachie kuku mzima, akapiga magoti kumpa. Malachie alimwinua, akamwambia shukrani apeleke kwa Hamisi, na kuku akampokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mara moja moja chupa ilizimika. Malachie aliitoa kwenye rafu, akaipeleka mwenyewe kwa baiskeli, na alipofika aliomba panga, akaenda kusaidia kukata mgomba.

Mtu wa bureau naye alitembelea, mwenye viatu vya ngozi, na gunia akalikanyaga mara mbili kwa heshima. Alifurahia jogoo. Mbele ya rafu alisimama akauliza hizi ni za nani.

"Ni ya bale mulisha kuachia," Malachie alisema.

Mtu wa bureau aliinama, akatazama taa moja baada ya nyingine. "Donc banaendelea muzuri."

"Banapumua."

"Ni kitu ya muzuri sana," alisema kwa moyo, na alipotoka alimsifu Malachie mbele ya watu kwa usafi. Malori ya mbao yaliendelea kupita barabarani. Yakipita, rafu ilitikisika na chupa zikagongana, hadi Malachie akatandika chini yake gunia la maharagwe, zikanyamaza.

Kila Jumapili bibi Kavira alikuja na sahani yake iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikaa mbele ya AUROR, karibu, akaifunua. Wageni wapya walidhani ataiacha pale na kuondoka, kama inavyofanywa makaburini, na mmoja aliwahi kumsogezea meza ndogo. Bibi alimshukuru akaikataa. Alisema marehemu ndio wanaoachiwa chakula, na yeye hakuja kwa marehemu. Alishika kijiko, akala maharagwe yake yenye chumvi mbele ya mwanawe, polepole, kwa sababu meno yalikuwa machache, na ile taa ikamwangazia hadi alipoisafisha sahani.